Chumvi Katika Sosi ya Kimeksiko

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kudhani kwamba mwonjaji wa kweli hanywi maziwa. Nilikuwa nimeona kwenye simu watu wa mbali wakionja sosi za pilipili moja baada ya nyingine, machozi yakiwatiririka, na bilauri ya maziwa mbele yao haijaguswa. Nikaamua kwamba ustadi uko hapo. Kwa hiyo nilipoanza kuonja, chumbani mwangu nyuma ya duka la baba hapa mtaani Wabera, nilijinyima maziwa, maji, hata kipande cha mkate. Nilikaa kitandani na chupa tatu na kijiko kimoja, nikanyamaza kama mtu anayeng'olewa jino na hataki daktari ajue kwamba anaumia. Kumbe kufikia chupa ya pili ulimi ulikuwa umeshalala. Ya tatu niliipa alama kwa kukisia, na alama hiyo nikaiandika kwa wino.

Hakuna aliyenifundisha kuonja. Baba anauza misumari, mabati na rangi, na mimi namsaidia dukani. Nilijifunza kwa kutazama na kuandika. Nilikuwa na daftari lenye safu tano: rangi, harufu, uchachu, chumvi, ukali. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa mzima na kuanza upya. Kuna sosi moja niliyoiandika mara nne, si kwa sababu nilibadilisha maoni, bali kwa sababu mwandiko wangu ulipinda kwenye neno "uchachu". Baada ya kuandika nilipiga picha ukurasa na kuuweka kwenye mtandao, ambako wafuasi wangu, wengi wao watu tuliosoma pamoja, walinitumia picha za moto na kucheka.

Kipimo changu kilikuwa chupa moja ndogo ya sosi ya Kimeksiko iliyokuwa ikiuzwa supamaketi. Ilikuwa nyembamba, nyekundu, yenye siki nyingi. Sikuwahi kufika Meksiko, na sikumjua mtu yeyote aliyefika. Lakini nilikuwa nimeisoma lebo ile mpaka nikaihifadhi kichwani, na kila sosi niliyokutana nayo niliipima kwa chupa ile.

Jirani yetu ni mama wa Kiborana anayeuza sambusa na chai, hatua chache kutoka dukani kwetu. Nilikuwa mteja wake tangu nikiwa shule ya msingi. Siku moja mpishi wa hoteli mpya ya wageni, ile iliyojengwa kando ya barabara kuu ya kaskazini, alikula sambusa zake, akamuuliza kama anaweza kutengeneza sosi ya Kimeksiko. Watalii walikuwa wakiomba chapati nyembamba zilizokunjwa na nyama ndani, na sosi hiyo juu yake.

"Wanataka chapati na nyama na pilipili," mama alinieleza, akicheka. "Hiyo si ndiyo tunakula kila siku? Lakini wacha wapewe jina yao."

Bintiye, ambaye alikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo, alimtafutia mapishi kwenye simu. Walichoma nyanya, vitunguu na vitunguu saumu juu ya makaa mpaka ngozi zikaungua. Waliloweka pilipili kavu kwenye maji ya moto. Wakaweka siki, ndimu, bizari nyembamba na chumvi, wakasaga. Pilipili zilitoka Rapsu, kwenye shamba la kaka wa mama la kumwagilia maji. Lakini kabla ya kuzitumia, mama alizifanyia jambo ambalo halikuwa kwenye simu. Alizifukiza.

Wanawake wa Kiborana hufukiza vibuyu vya maziwa. Wanachoma kijiti cha mti wanaoujua, wanakiingiza ndani ya kibuyu kikiwa kaa jekundu, wanakizungusha mpaka moshi ushike ukuta wa ndani, kisha wanapangusa. Maziwa yakikaa humo hayaharibiki haraka, na yana harufu ambayo mtu aliyelelewa nayo huitafuta maisha yake yote. Mama alichukua vijiti vilevile, akavichoma chini ya pilipili zilizotandazwa kwenye ungo. Aliniambia hakuwa na sababu kubwa. Pilipili zilinuka gunia, akataka zinuke vizuri.

Aliniita nionje. Wateja wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi na chai zao. Nilionja kwa kijiko, nikafumba macho, nikayafumbua.

"Tano juu ya kumi," nilisema. "Moshi umezidi."

"Moshi ni mbaya?"

"Sosi ya Kimeksiko haina moshi, mama."

"Nani alikuambia?"

"Nimezionja nyingi."

Nyingi hizo za Kimeksiko zilikuwa mbili. Mmoja wa wateja, dereva wa lori la mifugo, alitumbukiza sambusa yake kwenye bakuli, akala, akasema, "Huyu kijana amekula vitabu. Mama, niwekee hiyo kwa chupa."

Siku chache baadaye mpishi wa hoteli alikuja. Alionja, akatulia, akaonja tena. "Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Huko kwao kuna pilipili wanazikausha kwa moshi hivi hivi. Umejuaje?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa duka letu na nilisikia kila neno. Mama aligeuka, akaniona. Sikuona kisasi usoni mwake. Alinyoosha mkono kunielekea na kumwambia mpishi, "Niko na mtu wa kunionjea. Huyo hapo. Anaandika mpaka kwa kitabu."

Niliingia ndani. Nilifungua daftari, nikafuta tano, nikaandika nane. Sikumwambia kwamba nilikosea. Nilijiambia kwamba nitamwambia siku nyingine, nikipata maneno mazuri.

Mpishi aliweka sharti moja. Mwenye hoteli anaishi Nairobi, na hakuna kitu kinachoingia jikoni bila yeye kukionja. Angefika siku fulani ya wiki ya pili ya Ramadhani, na chakula chake cha jioni kingekuwa chapati zile zilizokunjwa. Mama alete chupa mbili za kionjo kabla ya hapo. Mwenye hoteli akizikubali, mama atakuwa akipika sosi ya hoteli kila wiki.

Najua mama aliitaka kazi ile kwa sababu gani, maana alinieleza. Amekaa mbele ya karai la mafuta ya moto kwa zaidi ya miaka kumi. Usiku anakohoa. Daktari alimwambia apunguze moshi wa mafuta, naye akamuuliza daktari apunguze vipi wakati ndio unamlisha. Sosi angeipika nyumbani, mara mbili kwa wiki, dirisha likiwa wazi.

"Nikipata hii kitu," aliniambia, "karai nampatia adui yangu."

Tatizo lilikuwa Ramadhani. Angepika mchana, akiwa amefunga, na asingeweza kuonja. Nyumbani kwake kila mtu alikuwa amefunga isipokuwa mjukuu wa miaka mitatu, ambaye kila kitu kwake kilikuwa pilipili. Kwa hiyo aliniomba mimi, Mkristo wa jirani, mtu wa daftari.

"Sitaki alama," alisema. "Hizo alama uweke kwa simu yako. Mimi nataka chumvi tu. Mambo mengine naona kwa macho na nasikia kwa pua. Chumvi haina harufu."

Nilikubali. Nilifurahi kupita kiasi. Usiku huo niliongeza safu ya sita kwenye daftari, nikaiita "mashauri".

Sasa nije kwenye siku yenyewe, ambayo nimeizunguka kwa muda mrefu hata katika kuandika haya.

Asubuhi ya siku hiyo dereva mmoja alinishushia kifurushi kutoka Nanyuki. Ndani yake mlikuwa na chupa ya sosi ya Kimeksiko niliyokuwa nimeiagiza, nyeusi kidogo, yenye pilipili inayosemekana kuwa kali kuliko zote zinazouzwa madukani. Sikuweza kusubiri. Niliionja kabla ya chai. Ukali ulikuja taratibu, kisha ukaja wote. Niliandika saba. Halafu nikajiuliza kama si sita na nusu. Nikaonja tena. Sita na nusu. Lakini harufu yake ilikuwa nzuri, kwa nini niinyime nusu? Nikaonja mara ya tatu, ya nne, ya tano. Mara ya sita nilihisi kama nimelamba bati la dukani. Nusu alama ile ilinichukua saa nzima, na mwishowe niliandika saba kwa sababu sita na nusu ilikuwa mbaya kuitazama.

Saa sita mchana mama yangu alinipa githeri, mahindi na maharagwe. Nilikula kama ninayetafuna karatasi iliyolowa.

"Chumvi iko?" aliniuliza.

"Iko," nikasema.

Sikujua kama iko. Baba, upande wa pili wa meza, alijiongezea chumvi bila kusema kitu.

Saa tisa binti wa jirani alinipigia simu. "Boss wa pilipili, unahitajika. Kuja haraka, boda inachukua chupa saa kumi na nusu."

Njiani nilipitisha ulimi kwenye meno. Ulikuwa umevimba kidogo na haukuwa wangu. Kuna hatua kama hamsini kutoka duka letu hadi mlango wake wa uani, na katika hatua hizo zote sentensi moja ilikuwa tayari kichwani mwangu: mama, leo ulimi wangu umeungua, tafuta mtu mwingine. Ilikuwa sentensi nzuri. Haikuwa na kosa hata moja. Nilipiga hodi.

"Ingia, mtu wa daftari. Leo usilete maneno mingi. Niangalizie chumvi."

Sufuria ilikuwa juu ya jiko, makaa yamepunguzwa. Mama alisimama mbali na mvuke, ncha ya mtandio ikiwa mdomoni. Binti alikuwa akifuta chupa kwa kitambaa safi.

"Wengine wanagusa na ulimi halafu wanatema," mama alisema. "Wanasema hakuna neno, bora usimeze. Lakini mimi nikigusa, roho inakaa vibaya siku mzima. Wacha leo ukuwe ulimi yangu."

Alinipa kijiko. Nilichota, nikapuliza, nikatia mdomoni.

Hapakuwa na kitu. Palikuwa na joto, na uzito wa kitu laini, basi. Hata moshi, ambao ningeweza kuutambua nikiwa nimelala, sikuupata mdomoni, niliupata puani tu. Nilisimama na kijiko mkononi. Wote wawili walinitazama. Nataka kusema kwamba nilichanganyikiwa, lakini sikuchanganyikiwa. Nilijua kabisa. Nilichofanya ni kujiambia kwamba huenda chumvi kweli imepungua, na mtu akishaamua kujidanganya hahitaji ushahidi mwingi.

"Ongeza kidogo," nilisema.

Mama aliingiza vidole kwenye mkebe wa chumvi, akanyunyiza, akakoroga. Nikaonja.

"Bado."

"Bado?" Alinitazama. "Mkono yangu haijawahi kosea hivyo."

"Siki huficha chumvi," nikamwambia. Hilo nilikuwa nimelisoma mahali.

Binti alicheka. "Kama ni kujificha, hiyo chumvi imejificha kama mtu wa deni."

Mama alichota safari hii kwa kiganja. Akakoroga kwa muda mrefu, akigeuza uso pembeni ili asivute mvuke. Nilionja mara ya tatu, na kwa mbali, kwenye pembe ya nyuma ya ulimi, nikahisi kitu kama chumvi. Nilifurahi kama mtu aliyepata ufunguo wake gizani.

"Sasa," nikasema. "Sasa imekaa. Tisa juu ya kumi."

"Nilikuambia sitaki alama," mama alisema, lakini alitabasamu. Aliniamini. Binti alijaza chupa mbili, akazifunga kwa karatasi, na boda ikaondoka nazo. Mama alisimama mlangoni akiitazama mpaka ikapinda kona ya msikiti, kisha akasema kitu cha dua kwa sauti ndogo na kurudi kukunja sambusa za futari.

Walinikaribisha nikae. Nilipaswa kukataa. Adhana ya magharibi ilipolia walifungua kwa tende na maji, wakaswali, wakarudi mkekani. Palikuwa na uji, sambusa na bakuli la sosi iliyobaki sufuriani. Mama alichovya pembe ya sambusa, akauma.

Alitafuna polepole. Kisha akaacha kutafuna. Kisha akameza na kunyoosha mkono kwenye bilauri ya maji.

Binti naye alichovya. "Woi! Hii ni sosi ama ni chumvi ya mifugo? Hii mngepelekea ngamia, wangeshukuru."

"Nyamaza," mama alimwambia. Alinigeukia mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatafuta kuelewa, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Uliionja?"

"Niliionja."

"Na ikakuwa sawa?"

Hapa palikuwa na mlango wa pili, na ulikuwa wazi. Chupa zilikuwa zimeshafika hotelini, lakini mwenye hoteli alikuwa bado hajala. Simu ya mama ilikuwa mkekani, kando ya goti lake. Kama ningesema neno moja, angempigia mpishi amwambie asizitoe. Nilijua hilo wakati ule ule, si baadaye.

"Ilikuwa sawa," nilisema. "Unajua, mama, sosi ya Kimeksiko ina tabia hiyo. Ikipoa, chumvi hupanda. Wakiipasha moto itarudi."

Sikuwahi kuyasikia hayo popote. Niliyaumba papo hapo, mdomo ukiwa na tende. Na kwa kuwa nilikuwa nimezoea kusema mambo ya pilipili kwa sauti fulani, niliyasema kwa sauti hiyo.

"Kumbe," mama alisema. Akachovya tena, kidogo, kama anayeijaribu akili yake. "Basi wataipasha."

Binti alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Ama ulionja na macho?" aliuliza.

"Nyamaza, nimesema."

Nilikula sambusa mbili kwa haraka na kuaga.

Kesho yake kabla ya adhuhuri mama alikwenda hotelini mwenyewe. Nilimwona akirudi, akishuka kwenye boda, na chupa zote mbili zikiwa kwenye mfuko. Moja ilikuwa imejaa. Nyingine ilikuwa imepungua kijiko kimoja. Alikuja moja kwa moja dukani kwetu. Baba alikuwa ametoka. Alikaa juu ya ndoo ya rangi.

"Mwenye hoteli aliweka kwa mdomo, akatoa," aliniambia. "Akasukuma sahani."

Nilifunika mkebe wa misumari uliokuwa wazi.

"Nikawaambia vile uliniambia. Nikamwambia mpishi, hiyo chumvi imepanda kwa sababu imepoa, ipashe itarudi. Akaniangalia. Akaita wale wengine wa jikoni. Akaniambia, 'Mama, hebu sema tena.' Nikasema tena." Aliuvuta mfuko wa chupa karibu na mguu wake. "Wakacheka mpaka mmoja akaweka kisu chini. Akaniuliza, 'Chumvi inapanda kama nini mama, kama bei ya sukari?'"

Alikuwa akitazama sakafu. Mimi nilikuwa nimeshika rula ya kupimia vioo na nilikuwa naendelea kuishika.

"Lakini hao ni watu wa kukaanga viazi," alisema, akainuka. "Wewe unajua hizi vitu kuliko wao. Si ndiyo?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Naona hadi leo kichwa changu kikiinama na kuinuka.

Mtu mwingine angemfuata barabarani. Mimi nilikwenda kuandika. Niliandika maneno ya kukiri kwenye daftari, nikayasahihisha, nikachana, nikaandika tena. Andiko la kwanza lilikuwa refu mno na lilieleza sana kuhusu chupa ya Nanyuki. La pili lilinifanya nionekane wa kuhurumiwa. La tatu lilianza kwa salamu nzuri. Siku mbili nzima nilikuwa nikitafuta namna bora ya kusema kwamba nilidanganya, na katika siku hizo mbili mama alikaa mbele ya karai lake jioni, akikaangia watu sambusa za futari, akikohoa, akiamini kwamba amechekwa kwa kusema kweli.

Siku ya tatu niliacha daftari kitandani. Nilimkuta uani, akipanga makaa.

"Mama, siku ile ulimi wangu ulikuwa umeungua. Nilikuwa nimeonja pilipili asubuhi. Sikusikia chumvi hata kidogo."

Aliendelea kupanga makaa. "Siku gani?"

"Ile ya hoteli. Sikusikia kitu chochote. Nilikwambia uongeze nikiwa sijui."

Mkono wake ulisimama. "Na ile ya kupoa?"

"Niliitunga."

Aliinuka taratibu, akishika goti. Nilitegemea matusi, na nadhani niliyataka. Alinitazama kama unavyotazama kitu ulichokinunua na sasa unaona kilipotoboka.

"Mimi nilikuomba kitu kimoja," alisema. "Sikukuomba uwe fundi. Ungesema tu, mama, leo ulimi imekufa. Ningevuka hapo barabara nimwite yule mama Mmeru wa cherehani. Hajui Meksiko iko wapi. Lakini chumvi anajua."

"Najua, mama."

"Hujui. Mtu akiwa amefunga akakupatia mdomo yake, hiyo ni amana. Nilikupatia, ukaifanyia mchezo. Halafu ukanipeleka kwa watu nikarudie maneno yako."

"Nisamehe."

"Ni Ramadhani, nitakusamehe," alisema. "Lakini enda kwanza useme huko walicheka."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Kabla ya kupanda boda nilijaribu kufikiria jinsi ya kuanza, kisha nikajilazimisha kutofikiria. Mpishi alinipokea mlango wa nyuma wa jikoni, akifuta mikono kwa aproni. Nilimwambia kwamba chumvi haikuwa ya mama, ilikuwa yangu, na kwamba mambo ya kupoa niliyatunga mimi na yeye aliyarudia kwa kuniamini. Nilimwomba awaambie wenzake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, lakini kidogo tu. "Wewe ndiye yule wa daftari?"

"Ndiyo."

"Bro, ile sosi yenyewe ilikuwa poa. Ule moshi niliupenda sana. Chumvi ingekuwa sawa, mzee angeichukua, nakuapia." Alitazama ndani, ambako rafu zilionekana. "Lakini huyo mzee haonji kitu mara mbili. Ameagiza katoni kutoka Nairobi. Zilifika jana."

Niliziona. Zilikuwa chupa ndogo, nyekundu, nyembamba, zenye lebo niliyoihifadhi kichwani.

"Utawaambia wenzako?" nilimuuliza.

"Nitawaambia," alisema. Sijui kama aliwaambia.

Nilirudi nikamweleza mama yote, pamoja na ile sehemu ya kwamba sosi yake ingechukuliwa. Nilifikiria kuificha hiyo, nikijiambia ni kumhurumia, lakini nilikuwa nimeanza kuzijua huruma zangu. Alisikiliza huku akikunja sambusa. Alibana pembe, akaiweka kwenye sinia, akachukua nyingine.

"Basi," alisema.

Nilisema kwaheri, naye akaitikia vizuri, kama anavyomwitikia kila mteja.

Bintiye hakunisamehe kwa upole kama mama. Siku aliyorudi chuoni alipita dukani na begi lake, akasimama mlangoni. "Boss wa pilipili," alisema, "mama yangu hawezi kukuambia, mimi nakuambia. Alikuwa ameshaamua dirisha gani atafungua." Kisha akaondoka zake kutafuta gari.

Nililala na maneno hayo siku nyingi. Wakati mwingine bado nayasikia nikiwa napima mabati, na napoteza hesabu.

Mama bado anakaanga sambusa. Sosi ile anaipika bado, kidogo, kwa ajili ya meza yake mwenyewe, na madereva wa malori huinunua kwa chupa za soda. Nikila pale ananiwekea bila kuniuliza maoni, nami sitoi. Ni nzuri. Nilichelewa sana kumwambia kwamba moshi ule nilikosea kuuhukumu, na nilipomwambia alisema, "Hiyo nilijua siku ile ile."

Ramadhani iliyofuata alipokea kazi ya kupikia harusi mbili zilizopangwa baada ya Idi, na alikuwa akijaribu mapishi mchana. Nilimwona mama wa cherehani akivuka barabara, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akaingia uani, akatoka baada ya dakika mbili akijipangusa mdomo. Mimi sikuitwa. Sijaitwa tena tangu wakati ule, na sijaomba.

Ukurasa wangu wa mtandaoni niliufuta. Bado naonja, kwa kuwa napenda kuonja, lakini sitoi alama. Mtu akiniuliza kama chakula chake kina chumvi na ulimi wangu hausikii, namwambia kwamba sijui.